Hubad: Uchi Batangas, Tafsiri Cebu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wafasiri wenzangu jioni ya tarehe 30 Septemba, siku ya wafasiri duniani. Nimeondoa vikohozi na kuongeza nukta. Mengine yako kama yalivyotoka.

Mwenyekiti wa jioni hii, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, wafasiri wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo?

Kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni imeandikwa kwamba nitazungumzia changamoto za tafsiri. Namwomba radhi aliyeiandaa. Changamoto tunazijua sote, na ya kwanza ni kulipwa kwa wakati. Mimi nimekuja na neno moja tu, tena si la Kiswahili. Neno lenyewe ni hubad. Herufi tano. Nikilimaliza, tutakwenda kunywa chai.

Baadhi yenu mnajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilishika mwiko. Miaka sita nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja mjini Maskati. Usiku tulilala kambini, na kambi ya wafanyakazi kule Ghuba ni dunia nzima iliyokunjwa ikatiwa ndani ya jengo moja: Waganda, Wakenya, Wanepali, Wahindi, sisi Watanzania wachache, na Wafilipino. Wafilipino ndio waliokuwa wengi, na ndio waliotufundisha kwamba nchi moja haimaanishi lugha moja. Sisi tuliwaona watu wa aina moja. Wao kwa wao walikuwa wanatafsiriana.

Nitawataja wawili. Mmoja tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa. Wa pili tulimwita Ate, dada mkubwa. Majina yao tuliyajua lakini hatukuyatumia, kama vile hapa kwetu huwezi kumwita mtu aliyekuzidi umri kwa jina lake kavu. Kuya alitoka Batangas, kusini ya Manila, Mtagalogi wa kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa michuzi na supu. Ate alitoka kisiwa cha Cebu, katikati ya nchi, na ndiye aliyekuwa bosi wa chumba cha kufulia.

Siku moja uongozi ukabandika tangazo la Kiingereza kwenye mlango wa chumba hicho. Refu, limejaa marufuku. Kijana mmoja kutoka Cebu, mgeni wa wiki mbili, akasimama mbele yake anakodoa macho. Ate alikuwa amekumbatia furushi la mashuka, haoni mbele, akamwambia kijana: "Hubara na, Dong." Dong ndivyo Wasebuano wanavyomwita kijana wa kiume kwa upole.

Kuya alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anasubiri sare zake. Akainuka kama aliyekalia kaa la moto. "Hapa hapa? Mbele ya watu?"

Ate alikuwa amesema: litafsiri hilo, kijana. Kuya alikuwa amesikia: vua nguo, kijana.

Mimi nilikuwa na kapu langu la aproni mkononi, sielewi kitu, nacheka kwa sababu wote wanacheka. Nililielewa baada ya nusu saa, na kusema kweli sijaacha kulifikiria mpaka leo, kwa sababu kilichogongana pale ni kazi yetu sisi. Kwa Kisebuano, hubad ni kutafsiri. Mfasiri ni maghuhubad. Kitabu kilichotafsiriwa utakuta kimeandikwa "gihubad ni" halafu jina la mtu. Kwa Kitagalogi, hubad ni uchi. Maghubad ni kuvua nguo. Kwa hiyo ukienda Manila na kadi yako ya biashara iliyochapwa Cebu, umejitambulisha kuwa mvua nguo, tena mwenye anwani na namba ya simu.

Sasa msidhani kwamba hizi ni lugha mbili zisizojuana. Kitagalogi na Kisebuano ni ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wanaziweka kwenye tawi moja, la Ufilipino ya Kati, pamoja na Kibikol, Kiwarai na Kihiligaynon. Nchi ile ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, na karibu zote zimetoka kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Kiaustronesia, ukoo uliosafiri kwa mitumbwi mpaka ukafika hapa jirani yetu, Madagaska. Sita kwa Kitagalogi ni anim. Kwa Kisebuano ni unom. Kwa Kimalagasi ni enina. Mtu wa Mahajanga na mtu wa Cebu hawajawahi kuonana, lakini wakihesabu mayai unasikia kwamba bibi yao alikuwa mmoja.

Hiyo anim na unom ishikeni kidogo, maana kuna utamu ndani yake. Lugha mama yao ilikuwa na irabu moja hafifu, ya katikati ya mdomo. Kitagalogi mara nyingi kimeigeuza kuwa i. Kisebuano kimeigeuza kuwa u au o. Jino ni ngipin kule, ngipon huku. Kupanda mmea ni tanim kule, tanom huku. Kiambishi cha mwisho cha kitenzi nacho kimefuata njia hiyo hiyo: -in kwa Mtagalogi, -on kwa Msebuano. Tena katika lugha zote mbili d ikibanwa kati ya irabu hulainika ikawa r. Haya, chukueni hubad muibandike kiambishi. Mtagalogi anapata hubarin, kitu cha kuvuliwa. Msebuano anapata hubaron, kitu cha kutafsiriwa. Irabu moja. Ukiwa na mafua huwezi kuzitofautisha.

Nilipomuuliza Ate inakuwaje, alinijibu kwa mikono. Alikuwa na furushi la sare, limefungwa kwa kamba ya nailoni, fundo limekaza. Akalitia ukucha, akalilegeza, akalifungua. "Hubad," akasema. Kisha akaonyesha tangazo mlangoni. "Hubad."

Maana ya tatu ndiyo hiyo, na ndiyo iliyokaa katikati ya zile mbili. Kwa Kisebuano hubad pia ni kufungua kilichofungwa: kamba, fundo, mzigo. Wahiligaynon, wale wa Iloilo na upande wa magharibi wa kisiwa cha Negros, nao wanalijua kwa maana hiyo. Ukishakuwa nayo mkononi, hubad ya Batangas na hubad ya Cebu haziwi tena wageni waliofanana majina. Nguo ni kitu kilichofungwa mwilini. Ifungue, mtu yu uchi. Maneno ya mgeni ni kitu kilichofungwa, yafungue, umeyafasiri. Ndugu wawili walirithi fundo moja. Mmoja alilipeleka kwenye nguo, wa pili akalipeleka kwenye maneno.

Kitagalogi kwa upande wa nguo hakikufanya mchezo. Kina hubo, ambayo kwa wenye lugha makini ni uchi wa chini ya kiuno, na kina hubad, ambayo mara nyingi ni uchi wa kifua wazi. Ukitaka kusema mtu hana hata uzi, unaziunga: hubo't hubad. Kwa Kisebuano hubo ni kuvua nguo na ni uchi pia, labda ndiyo maana hubad yao ilibaki na nafasi ya kufanya kazi nyingine. Halafu kuna hubog. Kwa Mtagalogi hubog ni umbo, mkunjo mzuri wa kitu, hata umbo la msichana. Kwa Msebuano hubog ni mlevi. Mnaona hatari ya kumsifu mtu.

Na maandishi ya zamani yasingekusaidia. Kabla ya Wahispania, na kwa muda baada yao, Watagalogi waliandika kwa baybayin, hati ya silabi. Kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa kwa Kitagalogi, mafundisho ya dini yaliyotolewa Manila mwaka 1593, kina hati hiyo ndani yake. Tatizo la baybayin ni kwamba konsonanti ya mwisho wa silabi haikuandikwa. Hubad ingeandikwa hu-ba, ukaachiwa d uiwaze mwenyewe. Hubo na hubog zote zingeandikwa sawasawa kabisa, kwa sababu hata o na u zilikuwa na alama moja. Padri mmoja, Francisco López, mwaka 1620 akabuni kimsalaba kidogo cha kuonyesha kwamba irabu imekatwa. Wenyeji hawakukipenda. Walikuwa wamezoea kusoma kwa kubashiri, kama sisi tunavyosoma ujumbe wa simu wa wajukuu zetu.

Wafasiri wenzangu, hapa niruhusuni nirudi nyumbani, maana jambo hili la fundo tunalo. Sisi Kiswahili chetu kina kiambishi cha kufungulia mambo. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Fuma, fumua. Vaa, vua! Nguo tunaivua kwa kiambishi kile kile tunachofungulia mlango. Na maneno je? Fumba, fumbua. Kitendawili tunakitega, kisha tunakitegua. Wazee wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Kugangua, kufumbua, kutegua: maneno yote matatu yanafanya kazi ile aliyoifanya Ate kwa ukucha wake kwenye kamba ya nailoni.

Ila tulipohitaji neno la ofisini, tulichukua tafsiri kutoka Kiarabu, na tarjama pembeni yake. Sina ugomvi na Kiarabu. Nimekula chumvi yake miaka sita. Lakini huwa najiuliza tungeonekanaje kama kwenye mlango wa ofisi zetu pangeandikwa "mfumbuaji". Labda wateja wangetuletea ndoto.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Nilimuuliza Kuya: ninyi Batangas, kama hubad ni uchi, kutafsiri mnasemaje? Akasema: salin. Mfasiri ni tagasalin. Na salin kwa Kitagalogi, kabla ya vitabu, ni jambo la jikoni: kumimina kutoka chombo hiki kwenda chombo kingine. Supu iliyo kwenye sufuria unaisalin kwenye bakuli. Maji ya ndoo unayasalin kwenye mtungi. Kwa Mtagalogi mfasiri hafungui fundo. Anamimina, na akiwa na mkono wa kutetemeka anamwaga.

Ate akaguna. Kwa nini anaguna? Kwa sababu kwa Kisebuano salin ni mabaki. Ni makombo, kile kilichosazwa, chakula kilichobaki baada ya watu kula.

Naomba muone kilichotokea, maana mimi ilinichukua siku mbili. Neno la Cebu la kutafsiri, ukilipeleka Manila, ni uchi. Neno la Manila la kutafsiri, ukilipeleka Cebu, ni kiporo. Kila mmoja akimsikiliza ndugu yake akijisifia ufasiri wake, anasikia kitu cha aibu. Kitabu kikiandikwa "isinalin ni fulani", Mtagalogi anasoma "kimetafsiriwa na fulani", na Msebuano mwenye masihara anaona neno la makombo. Kikiandikwa "gihubad ni fulani", Msebuano anaona mfasiri, na Mtagalogi mwenye masihara anaona mtu anavuliwa nguo.

Na ukivuka bahari kidogo ukaingia kwenye Kimalei, jamaa yao wa karibu, unamkuta salin tena: ni kunakili maandishi, na ni kubadili nguo. Bersalin ni kujifungua mtoto. Nguo zimerudi, mmeona? Na kujifungua tunaona wenyewe ni kufungua gani.

Nikiwa nimetaja Kimalei, sitapita bila kumtaja mwenzetu Enrique. Alikuwa mtumwa wa Magellan, yule nahodha Mreno aliyeongoza meli za Hispania. Alipatikana Melaka, bandari ya Wamalei, mwaka 1511, na aliendeshwa mpaka Hispania na kutoka huko akazungushwa kupitia Amerika. Mwezi Machi 1521 meli zilipofika kwenye visiwa vya katikati ya Ufilipino, kikaja kimtumbwi chenye watu wanane. Enrique akawasemesha kwa Kimalei chake. Wakamwelewa. Baada ya mwaka mzima na nusu wa bahari, mtu wa kwanza kuielewa dunia ile mpya alikuwa mkalimani, naye hakuwa hata huru. Magellan alipouawa kisiwani Mactan, jirani na Cebu, tarehe 27 Aprili, wosia wake ulisema Enrique aachiwe. Waliorithi uongozi wakamkatalia, wakamwambia ataendelea kumtumikia mjane wa bwana wake. Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, manahodha walialikwa karamuni na mtawala wa Cebu, na wengi hawakurudi. Pigafetta, mwandishi wa safari ile, anamlaumu mkalimani kwamba ndiye aliyepanga. Mimi sikufurahia watu kufa. Nasema tu, wanaochelewesha malipo ya wakalimani wasome historia.

(Na huyo Magellan, kwa wale wa Kilwa na Mombasa mlioko humu, alitoka Lisbon mwaka 1505 kwenye msafara wa Francisco de Almeida, ule ule ulioipora miji yenu mwaka huo. Tuendelee.)

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitapita haraka kwenye maneno mengine, msije mkafikiri hubad ni yatima. Langgam kwa Mtagalogi ni sisimizi, kwa Msebuano ni ndege wa angani. Mtoto wa Manila akiimbiwa kwamba langgam ameruka, anatafuta sakafuni. Gubat kwa Mtagalogi ni msitu, kwa Msebuano ni vita. Palit kwa Mtagalogi ni kubadilishana, kwa Msebuano ni kununua, na hapo mnaona soko la zamani kabla ya fedha. Hilom kule ni kidonda kupona, huku ni kunyamaza. Sira kwa Mtagalogi ni kitu kilichoharibika, kwa Mbikol ni samaki. Mbikol akikuambia chakula cha leo ni sira, usiondoke. Utong kwa Wailokano wa kaskazini ni maharage mabichi yale ya maganda marefu, na kwa Kitagalogi ni chuchu ya titi, na Wailokano hulitaja sokoni kwa sauti. Wakapampangan wanasema wa wakimaanisha ndiyo. Msebuano anasema wa akimaanisha hakuna. Kuna neno moja, libog, ambalo mbele ya wazee nitalisema mara moja na kwa haraka: Msebuano akiwa nalo amechanganyikiwa, hajaelewa somo, Mtagalogi akiwa nalo hafikirii masomo kabisa.

Moja halichekeshi: herufi nne, h-i-l-o. Kwa Kitagalogi hilo ni kizunguzungu. Kwa Kisebuano hilo ni sumu. Sisi Waswahili tunaweza kulionyesha kwa kidole, neno hilo, tukapita. Lakini Dong, yule kijana, joto la Juni lilimzidi siku moja kwenye ngazi za jikoni, Kuya akapiga kelele kwa Kitagalogi kwamba kijana amepata hilo. Wasebuano watatu waliokuwa wanakula wakaacha vijiko vyao hapo hapo. Mmoja akaenda kujitapisha. Ilichukua dakika kumi kuwashawishi kwamba wali hauna kitu.

Na si kila mfanano ni undugu. Wafilipino wana wala, maana yake hakuna. Sisi tuna wala, tuliyoipata kwa Waarabu. Ni sadfa tupu. Lakini salamat, asante yao, ni Kiarabu kilichopitia kwa Wamalei, ndugu wa salama yetu. Hukom, hakimu wao, ni jamaa wa hukumu zetu. Alamat kwao ni hekaya, ngano ya asili ya mlima au ya nanasi. Kwa Waindonesia alamat ni anwani ya nyumba. Kwetu alama ni ile mwalimu anayokunyima. Neno moja la Kiarabu lilipanda jahazi, kila bandari likashuka na mzigo tofauti.

Nirudi kambini, maana kuna jambo nililiona polepole. Kicheko cha siku ile kilimwangukia nani? Kilimwangukia Ate. Kuya ndiye aliyesikia vibaya, lakini aliyeona haya ni Ate. Na kila ilipotokea, ilikuwa hivyo hivyo. Wasebuano wa kambini walikijua Kitagalogi, wote. Watagalogi waliokijua Kisebuano sikumwona hata mmoja.

Sababu ina tarehe. Tarehe 30 Desemba 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalogi kuwa msingi wa lugha ya taifa. Mwaka 1959 lugha hiyo ikaitwa Pilipino, na katiba ya 1987 ikaiita Filipino. Kisebuano wakati ule kilikuwa na wasemaji wa kuzaliwa kiasi cha kushindana na Kitagalogi bila aibu, na Wacebu hawajasahau. Tangu hapo Kitagalogi kipo shuleni, redioni, kwenye filamu. Kisebuano kilibaki nyumbani na sokoni, na mpaka leo utamsikia Mfilipino msomi akikiita diyalekto, lahaja, utadhani ni Kitagalogi kilichopinda. Mwaka 2012 serikali ilianza kufundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha za nyumbani, Kisebuano kikiwamo. Mwaka 2024 sheria mpya ikauondoa ulazima huo. Kwa hiyo neno likiwa na maana mbili, maana ya Manila ndiyo inayoitwa maana. Ya Cebu inaitwa kichekesho.

Msinitazame kana kwamba nasema habari za mbali. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mko humu ndani watu wa Mvita ambao mkikaa vizuri na kahawa mnalisimulia kama limetokea juzi. Na Mkenya akisema bibi yangu ananisubiri, anamsema mkewe. Mtanzania anayemsikia anamwona kikongwe. Nani kati yao amekosea? Mimi nimehariri kazi za Wakenya, na nakiri mbele yenu kwamba mara mbili nimekata bibi nikaandika mke, nikajiona nimesahihisha. Sikusahihisha kitu. Nilifanya alichofanya Kuya, ila mimi nilikuwa na kalamu nyekundu.

Ninalotaka kusema ni hili: mwenzako akitumia neno lako kwa maana isiyo yako, mfuate nyuma mpaka mlipoachana. Mimi bila ile kamba ya nailoni ningekaa na kichekesho cha uchi na tafsiri maisha yangu yote, nikisimulia kwenye sherehe, nisijue kwamba katikati pana fundo.

Nimalizie na usiku wangu wa mwisho Maskati. Nilikuwa naondoka na ndege ya alfajiri. Wenzangu walikuwa wamepika tinola. Na tinola nayo, ili mjue hawa watu hawana huruma, kwa Kuya ni supu ya kuku na papai bichi, kwa Ate wa Cebu ni supu ya samaki. Walibishana mchana kutwa, mwisho akashinda kuku kwa sababu samaki hakupatikana. Majani ya mlonge walikubaliana. Kule na huku yanatiwa, ila mmoja anayaita malunggay na mwingine kamunggay.

Tulikula tukasaza. Saa tano usiku Ate akaja mlangoni kwangu na sufuria, nusu ya supu imo ndani, na kibakuli kitupu cha plastiki chenye kifuniko, cha safari. Akaona haya kidogo, akasema, "Salin ra ni." Ni makombo tu haya.

Kuya alikuwa nyuma yake na upawa. Alisikia neno, akakichukua kibakuli mkononi mwangu, akakisogeza chini ya sufuria, akamjibu, "O, isalin mo na." Haya, mimina basi.

Akamimina. Sikuona aliyecheka.